Kila Chombo na Maji Yake: Safari ya Pwani, Manza hadi Pangani

Ijumaa, Sahare

Nimefika ufukwe wa Sahare baada ya swala, maji yamekupwa na vyombo vimelala ubavu kwenye matope. Huu ndio wakati mzuri wa kuvitazama. Chombo kikiwa majini unaona nusu yake tu. Maji yakipwa unaona tumbo lote, na tumbo ndilo linalokueleza kiliundwa kwa kazi gani na kwa bahari ipi.

Safari yangu inaanzia hapa Tanga mjini, kisha kaskazini hadi Ghuba ya Manza, halafu kusini hadi Pangani. Katika kipande hiki cha pwani zimepita nau, zile meli kubwa za matanga za Wareno, mitepe ya kushonwa kwa kamba, majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi na kusi, manowari za Waingereza, meli ya Wajerumani iliyojificha kwa jina la uongo, na sasa zinaingia meli za makontena. Baadhi zilifia hapa hapa. Nataka kujua kwa nini nyingine zilikwama mahali ambapo nyingine zilipita salama, na nashuku jibu liko kwenye kina cha maji kuliko kwenye ukubwa wa mizinga.

Sahare ngalawa ndizo nyingi. Nimeomba ruhusa kwa mvuvi aliyekuwa akishona wavu kivulini, nikainama kuitazama yake. Ni gogo moja la mwembe lililochongwa kwa tezo, jembamba kiasi kwamba mtu mzima akikaa magoti yanakaribia kugusa pande zote mbili. Gogo la namna hiyo likitwekwa tanga lingepinduka papo hapo. Kinacholizuia ni mirengu, vile vibao viwili vya pembeni vilivyofungwa kwenye miti inayokatiza gogo. Nilichokuwa sijakiona kwa karibu ni kwamba vibao havikulazwa bapa. Vimeinamishwa, na uso wake unapokea maji kwa mshazari, kwa hiyo ngalawa inapoinamia upande mmoja huku ikienda kasi, maji yenyewe yanakisukuma kibao juu.

“Mirengu inapenda mwendo,” mvuvi akaniambia. “Upepo ukikatika na mawimbi yapo, hapo ndipo unaiona kazi yake ndogo. Mwendo ukiwepo huna wasiwasi.”

Gogo halina mkuku, ule mti wa uti wa chini, unaoshuka majini. Linapita juu ya matumbawe penye maji ya magotini, linaburutwa hadi juu ya mchanga na watu wawili watatu, na mtu mmoja akiwa na kijana wake wanaliendesha hadi nje ya miamba na kurudi na kitoweo. Kwa bahari hii ya mafungu ya mchanga na miamba iliyokaa karibu karibu, sidhani kama kuna muundo uliofikiriwa vizuri zaidi kwa gharama hiyo.

Jumamosi, bandarini na Ras Kasone

Bandari ya Tanga imekingwa vizuri. Ras Kasone iko mashariki, kisiwa cha Toten kimekaa mbele ya mji, na lango la kuingilia ni jembamba. Tatizo lake la miaka mingi lilikuwa kina. Mpaka miaka michache iliyopita meli kubwa hazikuweza kufunga gatini. Zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, mzigo ukapakuliwa tena. Kila gunia lilibebwa mara mbili. Sasa bahari imechimbwa hadi kina cha meta 13, gati limerefushwa, na meli zinakuja moja kwa moja. Karne zote zilizotangulia, fundi alikibadilisha chombo kilingane na maji. Hapa maji ndiyo yamebadilishwa.

Alasiri nimetembea hadi Ras Kasone. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza HMS Fox ilifika Tanga, wakati huo mji wa Wajerumani, na nahodha wake, Caulfeild, akautaka mji ujisalimishe. Nyuma yake kulikuwa na msafara wa meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India. Fox ilikuwa na mizinga ya kutosha kuubomoa mji wote, lakini kilichomsumbua nahodha ni wasiwasi wa mabomu ya baharini langoni. Wakafagia maji kwa boti ndogo, wasipate kitu. Katika kuchelewa huko, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akiteremsha askari wake kwa treni kutoka Moshi. Meli za msafara zilikaa nje, askari wakashushwa kwa matishari usiku kwenye ufukwe wa rasi, wengi wao wakiwa wamechoka na bahari. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu, na ilipofika tarehe 5 Waingereza walikuwa wakirudi melini, nyuma yao wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni.

Vita hivi husimuliwa sana kwa habari ya nyuki walioshambulia askari vichakani. Nyuki waliuma kweli. Lakini ukisimama pale rasini ukatazama lango, unaona kwamba mambo yaliharibika kabla ya nyuki: meli kubwa zilizokuwa haziwezi au hazithubutu kuingia, na matishari machache ya kubebea jeshi zima.

Jumapili, Ghuba ya Manza

Tumeondoka alfajiri na umande, upepo utokao bara, kwa mashua ya tanga yenye mashini ndogo nyuma. Ni majira ya demani, kusi imepoa lakini bado ina nguvu ya kutusukuma kaskazini. Nahodha alizima mashini mara tulipotoka nje ya ghuba, tanga likajaa, na mashua ikaegemea taratibu upande wa demani, ule usiopigwa na upepo. Milima ya Usambara ilikuwa imefunikwa na wingu nusu.

Manza ni ghuba ya mikoko, tulivu, yenye maji yanayopungua kina haraka ukiingia ndani. Hapa ndipo ilipoishia meli iitwayo Rubens mwezi Aprili 1915, na kisa chake ndicho kilichonileta.

Rubens ilikuwa meli ya mizigo ya Waingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani wakaipa jina jingine, Kronborg, wakaipandisha bendera ya Denmark, wakachagua mabaharia wanaojua Kidenmark, wakapakia mbao juu ili ionekane ni meli ya biashara ya kawaida. Chini ya mbao kulikuwa na bunduki, risasi na makaa ya mawe. Makaa yalikuwa ya manowari SMS Königsberg iliyokuwa imezibiwa njia kwenye delta ya Rufiji. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizungusha bara zima la Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi bahari yetu. Waingereza walikuwa wamekwisha kupata habari. HMS Hyacinth ikamwona tarehe 14 Aprili, ikamfukuza, na katikati ya mbio mtambo wake mmoja ukaharibika. Christiansen akapata nafasi ya kujitupa ndani ya Manza.

Nimemwomba nahodha wetu apime kina mahali tulipotia nanga. Akateremsha bildi, akahesabu pima kwa mikono, akasema chombo kikubwa hapa kitakaa chini kama kuku anayeatamia, hakitazama kikapotea. Ndivyo alivyofikiri Christiansen. Alifungua milango ya maji, meli ikashuka hadi ikakaa juu ya tope, kisha akawasha moto zile mbao za juu. Hyacinth ikapiga mizinga kutoka nje, ikaona moshi na miali, ikahesabu kazi imekwisha. Kumbe mzigo ulikuwa salama chini ya maji machache, na moto haukuufikia. Wajerumani wakarudi baadaye wakazamia, wakatoa bunduki na risasi, risasi zikafumuliwa na kukaushwa, na jeshi lao la nchi kavu likapigana nazo kwa muda mrefu. Kama ghuba hii ingekuwa na kina cha pima ishirini, mzigo ule ungekwenda na vita vya Afrika Mashariki vingekuwa na sura nyingine.

Königsberg yenyewe haikupata makaa yake, na mwisho wake nao ni habari ya kina cha maji. Ilikuwa manowari ya urefu wa meta 115, yenye mwendo wa noti 24 na mizinga 10 ya milimeta 105. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha HMS Pegasus bandarini Unguja. Tumbo lake lilishuka zaidi ya meta 5, ikaweza kuingia Rufiji kwa maji makuu tu, lakini meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata ndani. Waingereza wakaleta vyombo viwili vya ajabu kwa umbo, HMS Severn na HMS Mersey. Viliundwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, vifanye kazi kwenye mito, na Uingereza ikavinunua vita vilipoanza. Vilikuwa bapa, vyenye kuhitaji maji yasiyofika meta 2, vizito kwa mizinga na vibaya baharini kiasi cha kuhitaji kuvutwa. Navyo ndivyo vilivyoingia deltani tarehe 6 Julai na tena tarehe 11 Julai 1915, ndege zikivionyesha risasi zinaangukia wapi, hadi Königsberg ikalipuliwa na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake ikatolewa ikapelekwa kupigana bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, kwa anayetaka kuuona.

Jumatatu, njiani kurudi

Kurudi kusini tumekwenda kwa mashini zaidi kuliko kwa tanga. Nilimwomba nahodha apige bishi, yaani aende kwa tanga dhidi ya upepo, japo mara moja nione. Si mchezo. Tanga la pembe tatu limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaokaribia urefu wa chombo chenyewe. Ukitaka kugeuza upande, chombo kinaelekezwa kwanza upepo uje nyuma, foromali inasimamishwa wima kando ya mlingoti na kupitishwa mbele yake, mtu mmoja anakimbia na demani, kamba ya kona ya nyuma ya tanga, kuizungusha omoni, mbele ya chombo, mwingine anahamisha joshi, kona ya mbele ya tanga. Upepo ukilikamata tanga upande usio wake likaugandamiza mlingoti, mnaweza kuvunjikiwa. Kwenye mashua ndogo watu watatu wanaweza. Kwenye jahazi la zamani lenye foromali ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja, hiyo ilikuwa kazi ya mabaharia wote, na usiku wenye mawimbi nahodha mwenye akili hakuithubutu.

Ndiyo maana chombo cha pwani hii hakikuundwa kushindana na upepo. Kiliundwa kuusubiri. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Uhindi yalishuka na kaskazi, yakakaa, yakauza tende na mitungi, yakapakia boriti za mikoko, yakaondoka na kusi. Anayelitazama tanga hili kama muundo usioendelea kwa sababu linabisha kwa shida hajaifikiria kalenda ya bahari iliyolizaa.

Jumanne, Tongoni

Hii ndiyo siku niliyoingoja. Tongoni iko kusini mwa mji, njia ya Pangani: msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi mengi, baadhi yakiwa na nguzo. Wareno waliuita mji huu Mtangata. Mbele yake kuna mafungu ya mchanga na miamba, na hapo ndipo São Rafael, mojawapo ya meli za Vasco da Gama, ilipokwama mwezi Aprili 1498 ikielekea Mombasa.

Maji yalipojaa iliinuka. Lakini kabla hayajajaa, mitumbwi miwili ilitoka ufukweni ikaenda hadi kwenye meli iliyokwama, ikiwa na machungwa. Mreno aliyeandika kumbukumbu za safari ile alisema yalikuwa bora kuliko machungwa ya kwao. Nimeisoma habari hiyo zamani, na leo nimekula chungwa la Muheza nikiwa nimekaa juu ya ukuta nikiitazama bahari ile ile. Waliokwenda na machungwa walikuwa kwenye vyombo vilivyopita juu ya fungu bila kuligusa, na mgeni mwenye mizinga alikuwa amelala ubavu akisubiri maji.

Da Gama alirudi hapa Januari 1499 akitoka Uhindi. Kiseyeye kilikuwa kimewaua wengi, mabaharia waliobaki hawakutosha meli tatu. Wakaipakua São Rafael na kuichoma moto kwenye mafungu haya haya. Sanamu ya malaika Rafaeli iliyokuwa melini waliiokoa, na iko Lisbon hadi leo kwenye jumba la makumbusho ya bahari.

Hebu ziweke pamoja nau ile na mtepe. Nau ilikuwa na mbavu nene, mbao zilizopigiliwa misumari ya chuma, na mkuku mzito ulioshuka chini sana. Iliundwa kwa Atlantiki, kubeba mizinga na chakula cha miezi. Ikigonga mwamba, nguvu yote inaishia mahali pamoja. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa pembezoni na kushonwa kwa kamba za makumbi, matundu yakazibwa, tanga lilikuwa mkeka wa mraba. Chombo kizima kilinyumbuka. Kikigonga mchanga, mshono ulipokea pigo ukaligawa mbao zote. Gharama yake ni kwamba maji yalipenya na watu walikumba maji ngamani, chini ndani ya chombo, kila wakati, na kamba zilitaka kushonwa upya. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kuhusu bahari hii kinavitaja vyombo vya kushonwa, na waunzi wa visiwa vya Lamu waliendelea kuunda mitepe hadi karne ya 20. Muundo uliodumu miaka kama 1,900 haukudumu kwa sababu watu walikosa misumari.

Wareno nao hawakuondoka bila kuacha kitu. Vyombo vya zamani vya bahari hii vilichongoka mbele na nyuma. Ile tezi, yaani sehemu ya nyuma, bapa tunayoiona kwenye majahazi, wanahistoria wengi wanaona iliigwa kutoka kwenye meli za Ulaya. Na Wareno nao walikuja na Bérrio, chombo chao kidogo, chenye matanga ya pembe tatu yaliyo ndugu wa haya yetu. Mabaharia huibiana vizuri.

Jumatano, Kigombe

Nimepita tu. Mchana mzima nimeutazama mkondo kati ya bara na Pemba nikiifikiria HMS London, meli ya zamani iliyowekwa Unguja kuanzia 1874 kupambana na biashara ya watumwa. Meli yenyewe ilikuwa haiendi popote. Kazi ilifanywa na boti zake ndogo zilizosambazwa hadi Pemba, kwa kuwa majahazi yaliyobeba watumwa yaliingia kwenye vijito vya mikoko ambako meli kubwa ingekwama. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa mwaka 1881 akiwa ndani ya boti ndogo alipolikaribia jahazi moja. Umahiri wa chombo hauchagui kazi. Ujuzi ule ule wa kupita penye maji haba ulibeba machungwa na ulibeba pia watu waliofungwa minyororo.

Alhamisi, Pangani

Mtoni, watu wanangoja kivuko cha kwenda Bweni. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, nilipomwamkia na kumweleza safari yangu, aliniuliza swali moja tu: “Na zile za abiria zinazozama, mwanangu, umeziandika?”

Naandika. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi wakafa. Iliundwa Marekani mwaka 1989 kubeba abiria wa Puget Sound, maji yaliyozungukwa na nchi kavu na visiwa. Julai huku ni kusi. Mlango wa Unguja wakati wa kusi unapokea mawimbi ya bahari kuu, na chombo chepesi chenye abiria wengi sehemu ya juu kikipigwa ubavuni, uzito wake ulioko juu unahamia upande ulioinama na nafasi ya kujiinua inapotea. Chombo kizuri katika maji yake kinaweza kuwa jeneza katika maji ya wengine. Hili haliniachi nilale.

Baada ya hapo nimekwenda kwa fundi.

Chombo anachokiunda kimesimama chini ya miembe, mkuku umewekwa juu ya magogo, mbao za chini zimekwisha kupigwa. Mataruma, zile mbavu za ndani, hayakupindwa kwa mvuke wala kwa moto. Fundi anatafuta tawi ambalo Mungu amelipinda tayari, ili nyuzi za mti zifuate mviringo wote. “Ukikata pinda kutoka kwenye mti ulionyooka,” alisema, “umekata nyuzi. Litavunjika siku ya wimbi.” Mbao za mvule sasa ni ghali na adimu, anachanganya na miti mingine.

Nimekaa karibu na kijana wake akipiga misumari. Kwanza anatoboa kwa keekee, ule uta unaozungushwa kwa kamba. Kisha anachukua uzi wa pamba, anauchovya mafuta, anauzungusha shingoni mwa msumari chini ya kichwa. Ndipo anapigilia. Pamba inavutwa na kichwa cha msumari hadi ndani ya mbao na kuziba tundu. Baada ya hapo kunakuja kalafati, pamba ikisindiliwa kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, kwa mdundo usiobadilika. Tumbo litapakwa deheni ya shahamu na chokaa, na kila baada ya muda litachomwa kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao.

Hakuna mchoro. Nimemwuliza anajuaje upana wa katikati. Akanyoosha dhiraa yake juu ya mkuku, akaihesabu hadi mahali fulani, akasema hapo ndipo chombo kinaponenepa, na kutoka hapo jicho linafanya kazi.

Ijumaa, Pangani

Nimerudi na utepe wa kupimia na daftari. Fundi amekubali nichore, kwa sharti kwamba nisahihishwe. Tumekwenda taruma kwa taruma, mimi nikisoma namba, yeye akinieleza kwa nini pale pamelegezwa na pale pamebanwa.

Tulipofika tezini alisimama. Mwenye chombo anataka mashini kubwa. Umbo la zamani lilipunguzwa nyuma ili maji yaagane na chombo bila kelele na usukani ushike. Mashini ikiwekwa pale, tezi inazama, omo inainuka, na mawimbi ya nyuma yanaingia ndani. Kwa hiyo amenenepesha mbao tatu za mwisho, tezi ibebe uzito. Amefanya hivyo kwa vyombo kadhaa sasa, na kila kimoja amekipandia mwenyewe mara ya kwanza hadi kisiwa cha Maziwe na kurudi, kusikiliza. Nikamwuliza kama chombo hiki bado kitakwenda vizuri kwa tanga peke yake mafuta yakiisha baharini.

“Kitakwenda, lakini si kama cha baba yangu,” akasema, akanionyesha kwa kiganja pale ambapo mbao za baba yake zingeanza kuingia ndani. Nimeuchora mstari huo pia, kwa rangi nyingine, kando ya ule wake. Chombo kitashuliwa bamvua lijalo.